Mlango wa Kushoto

4 Machi

Kijiti,

Salamu utazipata mwishoni, ukizistahili. Kwanza nijibu: kabati langu liko wapi?

Ulisema bawaba ya mlango imelegea. Ulisema unalipeleka mjini kwa yule seremala aliyefundishwa kazi na babu yako, kwa sababu mafundi wa hapa wanapigilia misumari kila kitu kama wanafunga jeneza. Nikakuamini. Nikatoa nguo zangu, nikazipanga kwenye maboksi kama mtu aliyefukuzwa nyumba. Sasa jana nani kapita kunisalimu? Huyo huyo seremala. Kakaa, kapewa chai, nikamuuliza bawaba imefikia wapi. Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa. "Bawaba gani, mama?"

Sikutaka ajue kwamba mjukuu niliyemlea tangu hajaota jino ni mwongo. Nikamwambia nimemchanganya na fundi mwingine. Umenifanya niseme uongo uzeeni, tena kwenye kiti changu mwenyewe.

Umeliuza? Sema. Umeliweka rehani? Sema. Kuna mwanamume mwenye nyumba isiyo na kabati? Sema pia, nimjue.

Usinipigie simu. Kwenye simu ukizidiwa unasema "Bibi, sikusikii, mtandao," unakata, na mimi nabaki na maneno mdomoni. Andika. Karatasi haina mtandao. Mpe Honi, dereva wa gari la vifurushi, yeye hapa anapita kila mara.

Na ile shuka niliyoipigilia kwa ndani, mlango wa kushoto, usiiguse.

Bibi yako


11 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa.

Kabati halijauzwa, halijawekwa rehani, na hakuna mwanamume. Liko kwangu, uani, limefunikwa turubai. Nisamehe kwa ile habari ya bawaba. Nilijua nikisema kweli ungekataa.

Kweli yenyewe ni hii: nimeligeuza kamera.

Najua ulivyo sasa hivi, miwani imeshuka puani. Ngoja nikueleze. Kamera yoyote ni chumba cha giza chenye tundu. Mwanga unapita tunduni, unachora ndani kile kilichoko nje. Ya simu ni chumba kidogo kama punje ya mchele. Yangu ni chumba ninachoingia mwenyewe. Nimetoboa tundu mgongoni mwa kabati, mkabala na mlango wa kushoto, nikatia lenzi niliyoitoa kwenye mashine kuukuu ya kiwanda cha uchapaji. Mtu anasimama nje juani. Mimi naingia kwa mlango wa kulia, najifungia, na namwona mzima mzima kwenye mbao mbele yangu, mkubwa karibu kama alivyo, kichwa chini miguu juu. Napachika karatasi ya picha hapo hapo alipo. Picha inatoka moja tu, haina nakala, haina ya pili duniani.

Kuna mama mmoja mwenye miwani nyekundu, ana ukumbi wa maonyesho. Alikuja kuona akasema hajapata kuona kitu kama hiki. Amenipa ukumbi mzima mwezi wa tano. Bibi, nimepiga picha za vitambulisho mpaka nikachoka kusema "inua kidevu." Hii ndiyo mara ya kwanza mtu ananiita msanii bila kucheka.

Mjukuu wako,
Kijiti


15 Machi

Kijiti,

Marahaba. Mguu haujapoa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama kwa hasira. Yaani babu yako alitafuta mbao akazikausha mpaka watu wakamcheka, akazipiga randa nikaweza kujiona ndani yake, halafu wewe ukachukua keekee ukalitoboa mgongo. Angekuwa hai angekutoboa na wewe.

Simu yako inapiga picha. Ya jirani inapiga picha. Hata ya Honi, ambayo kioo chake kimepasuka kama yai, inapiga picha. Duniani pana uhaba gani wa picha mpaka mtu mzima ajifungie kabatini? Tena kupindua watu wa watu kichwa chini! Na wao wanakubali?

Huyo mama wa miwani nyekundu simwamini. Hajapata kuona kitu kama hiki. Kitu gani? Picha au kabati? Muulize. Mimi nikimpikia mtu akala akasifia sufuria tu, namnyang'anya sahani.

Nitumie picha moja niione. Iwe ya mtu ninayemjua, usiniletee sura ya kuokota nikashindwa kukupinga.

Halafu nisikilize vizuri. Umejibu la kuuza, umejibu la rehani, umejibu la mwanamume. Lipo nililoliandika chini kabisa ambalo hukuligusa. Nani kakufundisha kurukaruka barua? Shuka iko wapi?

Bibi yako


26 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo.

Honi anakuletea bomba refu. Usimwambie alifungue yeye, ana mikono ya grisi. Ndani kuna picha ya yule fundi cherehani wa zamani wa mtaa wenu, siku hizi anashona huku. Ndivyo zilivyo zote, kubwa kama mkeka.

Ukiiona utasema amenuna. Hakununa. Lazima asimame bila kutikisika mpaka nimalize kuhesabu, na hakuna binadamu anayeweza kushikilia tabasamu muda wote huo. Linachuruzika. Linalobaki ndilo ninalolitaka mimi.

Karatasi nailowesha, naibandika kwenye mlango, naisukumia rola mpaka mgongo wa mkono wangu unauma, ili ikae bapa isifanye viputo. Utaona pembeni kuna mistari mifupi ya kulala, kama mikunjo. Inatokea kwenye kila picha, mahali pale pale; dawa inajikusanya hapo panakuwa peusi. Mwanzoni nililia, nikataka kuzitupa. Mama mwenye ukumbi akasema thubutu, hiyo ndiyo saini ya mashine, ndiyo inayoonyesha kwamba picha imezaliwa na kitu chenye mwili. Ameitaja hata kwenye tangazo. Ametaja kimo cha kabati, uzito wake, na mistari.

Nilimuuliza swali lako la picha au kabati. Alicheka, akasema nina bibi hodari.

Shuka ipo. Usijali.

Kijiti


1 Aprili

Kijiti,

"Shuka ipo." Hilo neno "ipo" unaliegemea kama mlevi anavyoegemea ukuta.

Tuanze na picha. Nimeifungua mwenyewe, nimeitandika kitandani, nimemtazama fundi na yeye kanitazama. Ndiye. Lakini kovu aliloachiwa na jogoo wangu liko shavu la kulia, hapa limehamia kushoto. Kwa hiyo si kupindua tu, mnawageuza na mashavu. Uso nao ndio ule ule wa siku aliponipunguzia kitambaa changu cha gauni akaniapia kwamba kilikuja hivyo. Miaka yote alikuwa anautabasamia juu, leo umemsubiri umechuruzika. Hapo nakupa haki yako: umemkamata. Sitaki kusema zaidi, usije ukavimba.

Umemuuliza yule mama swali, akakujibu kwamba una bibi hodari. Je, alijibu swali? Wewe mtoto unarudi nyumbani umefurahi na mkono mtupu.

Sasa la pili. Nimembana Honi. Si mtu wa kubanwa sana, ukimpa kiti tu anamwaga. Kasema alipokuja kuchukua bomba aliiona shuka yangu imeanikwa kwenye kamba ya nguo, ina madoa ya dawa. Kasema mlango wa kabati ulikuwa wazi na ndani ni kweusi kama bomba la moshi. Nikamuuliza, ndani kote? Kasema kote, mama, hata milango.

Basi nakwambia, na sitarudia, kwa sababu mkono unauma.

Ndani ya mlango wa kushoto ndipo babu yako alipokuwa anampima mama yako. Kila mwaka anamsimamisha, visigino kwenye mbao, anamlazia kipande cha ubao kichwani, anakata alama kwa patasi. Hakutaka kalamu. Alisema kalamu ni ya mtu ambaye hana hakika. Mama yako naye mjanja, anasimama kwa vidole, babu yako anamkanyaga miguu kidogo, wanagombana, wanacheka, uji unaungua mimi nimesimama nawatazama. Tangu alipojua kusimama mpaka mwaka alioolewa, aliposimama pale mtu mzima, na babu yako ikabidi apande kigoda.

Alipokuzaa akaondoka wiki ile ile. Tulipotoka kuzika nilichukua shuka na misumari, nikaufunika mlango. Sikutaka kuona, na sikutaka kufuta. Picha yake hatuna, unajua, alikuwa akiona mtu ana kamera anajificha nyuma yangu. Alichoacha ni wewe na ule mlango.

Sikukuambia kwa sababu hukuuliza, na ungeuliza ningekutuma dukani.

Umepaka nini juu yake? Jibu hilo tu. Usinisalimie.

Bibi yako


9 Aprili

Bibi,

Rangi nyeusi isiyong'aa. Nilipaka, ikakauka, nikarudia, ikakauka, nikarudia tena. Ndani ya kamera hapatakiwi hata doa la mwanga.

Niliing'oa shuka kwa koleo. Niliona mikwaruzo kwenye mbao. Nikadhani ni ya kuhamishwa hamishwa. Nikapaka juu yake huku naimba, nakumbuka kabisa kwamba nilikuwa naimba.

Tangu nisome barua yako sijaingia humo ndani. Nalizunguka kama mbwa aliye kwenye nyumba ngeni.

Kuna jingine, na afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa Honi. Nilimwahidi mama mwenye ukumbi kwamba baada ya maonyesho kabati libaki mikononi mwake, alizungushe kumbi za nchi nyingine. Nilimpa neno langu kabla hujaniandikia. Juzi nilikwenda kumwambia kwamba nalitaka, ni la bibi yangu, lina habari yake. Hakuuliza habari gani. Alivua miwani akaifuta, akasema, "Mpenzi wangu, bila kabati hizi ni picha tu." Nilikumbuka sahani yako. Nilitaka kumnyang'anya kitu, lakini mezani kwake kulikuwa na tangazo langu peke yake.

Sijui nitamjibu nini. Lakini mlango najua. Nimenunua msasa mkali. Jumamosi nasugua mpaka nikutane na mbao yenyewe. Nitakurudishia kama ulivyouacha, nakuapia. Simu nitaizima, nataka siku hiyo niwe peke yangu na mama.

Kijiti


Jumamosi, 12 Aprili, asubuhi

USIGUSE. Weka msasa chini. Ukiwa umeushika unaposoma, uweke chini kwanza ndipo uendelee.

Nimekwenda kwa jirani kukupigia. Imezimwa. Simu yako kazi yake kukatia watu tu. Naandikia gotini, Honi amewasha gari hapo nje na nimemwambia nikisikia ameondoka kabla sijamaliza nitamfuata kwa miguu, mguu huu huu.

Barua yako kaniletea jana jioni. Nikasema basi, kitu chochote kilichotoka kwenye kabati lile sikitaki ndani kwangu. Leo alfajiri nikachukua picha ya fundi niikunje nikurudishie. Nikaitandika kitandani kwa haraka, ikakaa kinyume, kichwa chake miguuni kwangu. Nikainama nianze kuiviringisha. Nikaona ile mistari yako.

Mfupi chini karibu na ukingo. Mwingine juu yake. Mwingine. Halafu miwili imekaribiana kama midomo. Halafu unaofuata umeruka juu, pengo kubwa.

Kijiti, ule mwaka mama yako aliugua homa tukadhani hatutamwona tena. Hakurefuka ila kidogo sana. Babu yako alikata alama akasema, angalia, kama kidole cha mtoto tu. Mwaka uliofuata alirefuka mpaka magauni yote nikayashusha pindo. Naijua ile mistari miwili kuliko ninavyojua uso wangu. Niliipangusa vumbi kila Jumamosi mpaka siku nilipoifunika.

Si mashine hiyo. Si saini ya mtu yeyote. Ni patasi ya babu yako. Wewe unabandika karatasi mbichi juu ya mlango, unakandamiza kwa rola, na karatasi inaingia kwenye alama. Rangi haikuziba kitu. Umekuwa unawapiga watu picha juu ya mama yako.

Na ndiyo maana sikumjua mara ya kwanza. Ulisema mwenyewe kwamba humo ndani watu wanasimama kichwa chini. Fundi alikuwa kichwa chini. Mwanangu alikuwa wima. Mkaja mkaigeuza picha ili fundi asimame, mkampindua mwanangu.

Ukisugua unamfuta. Honi nimempa ruhusa ya kukupiga kofi, moja.

Bibi


13 Aprili

Bibi yangu,

Honi alikuwa anapiga honi tangu barabarani. Majirani walidhani kuna harusi. Aliingia uani bila kubisha, akaninyang'anya msasa, akaurusha juu ya paa, ndipo akasema habari za mchana. Kofi hakunipiga. Aliniona uso akasema hili naona limeshapigwa.

Nilikuwa nimeanzia juu, Bibi.

Alama ya juu kabisa haipo. Nilisugua pale kwa bidii, nikijisifu kwamba mbao imeanza kung'aa. Ya mwaka alioolewa. Zilizobaki nimezipapasa kwa kidole, moja moja, nikiwa nimefumba macho. Miwili iliyokaribiana ipo. Pengo lipo.

Baadaye nilikwenda ukumbini kabla hawajafunga. Picha zote zimeegemezwa ukutani zinasubiri kupachikwa. Nikazigeuza. Mpiga chapa, muuza samani, mama wa kliniki, wote wakasimama kwa vichwa. Na yupo, Bibi. Yupo kwenye kila moja, hadi ule mstari wa juu. Mama mwenye ukumbi alinikuta. Akatazama akasema, "Hii nzuri sana. Zikae hivi hivi, watu wataongea." Sikumwambia kwa nini.

Nikivunja ahadi anafuta maonyesho, amesema wazi. Nikitimiza, mlango unaondoka. Niambie la kufanya. Mimi kichwa changu kiko kama kwenye karatasi yangu.

Kijiti


20 Aprili

Kijiti,

Marahaba, ingawa safari hii hukuamkia. Nimeona. Nakuachia.

Honi anasema alama zilizobaki ziko salama. Honi huyo huyo aliwahi kuniapia kwamba gari lake lina breki. Nitazikagua mwenyewe, na usidhani utaniletea mlango mwingine uliochongwa nisijue. Nitaunusa.

La kufanya ni hili. Wewe umempa mtu neno, na mimi sikulea mtu wa kurudisha neno nyuma. Lakini ulimwahidi kabati. Mama yako hakupimwa kwenye kabati, alipimwa kwenye mlango. Mwite seremala wa babu yako, mlipe heshima yake, mwombe radhi kwa uongo uliomsingizia, akuchongee mlango mpya wa kushoto. Huo ndio uende ukazunguke nchi za watu, na tundu lake mgongoni. Wa zamani unakuja hapa. Hiyo bawaba uliyoniambia imelegea, sasa ndipo utakapoifungua kweli.

Atapiga picha humo yule mama, zitatoka laini kama shavu la mtoto. Atauliza mistari iko wapi. Mwambie iko kwa bibi yangu, aje aulize. Namsubiri kwa hamu. Na picha zako mwambie zisimame kama zilivyokuwa mwanzo, vichwa juu miguu chini. Hutaki waje kushangaa mtu aliyepinduliwa halafu waondoke bila kumwona. Ulipoteza hesabu yako yote kumsubiri fundi atulie. Basi waache wamtazame alivyotulia.

Ya fundi haitakuja kwenye maonyesho. Nimeitundika chumbani kwangu, kichwa chini. Jirani kaingia, kashtuka, kauliza huyu mzee kakosa nini. Nikamwambia alinipunguzia kitambaa. Jumapili kapita fundi mwenyewe, kaja kuwatazama ndugu zake, kaambiwa na watu kwamba namtundika miguu juu. Kasimama mlangoni pangu amevimba. Sikumweleza. Nilimwuliza tu kama anakumbuka gauni langu la kijani. Akaomba maji, akanywa, akaenda zake. Alama ya juu kabisa imepita sawasawa kwenye soksi zake. Kila asubuhi naigusa, ni ndogo, lazima uijue ndipo uione.

Usilie kwa ile uliyoisugua. Mahali pale mbao imeanza kung'aa, umesema. Pabaki hivyo hivyo, usipake kitu, usinogeshe. Nina kazi napo.

Wewe sikukupima hata siku moja. Ulikuwa unarefuka mbele yangu mwaka hadi mwaka, na mlango umefunikwa. Ulikuwa unajisimamisha kwenye ukuta wa jikoni na kipande cha mkaa, nami nakugombeza unachafua ukuta.

Ukija na mlango, vua viatu uani. Usijaribu kusimama kwa vidole, nitakukanyaga. Patasi ya babu yako nimeitoa kwenye mafuta, nimeinoa.

Salamu zako ndizo hizo.

Bibi yako